Jino la Felista

Tupokigwe hakuwa mwanamke mwenye wivu. Hivyo ndivyo alivyojieleza mwenyewe, na majirani zake wa Kawetele walimwacha aseme, maana mtu akishasema neno kama hilo mara tatu kwa wiki, wewe utabishana naye kwa faida gani? Alikuwa na mume, Ambilikile, fundi cherehani. Alikuwa na watoto watatu, mkubwa wao Joyce, na shamba dogo la chai, na migomba nyuma ya nyumba. Kwa miaka kumi na mbili ya ndoa hakuwahi kumfumania mumewe na mtu yeyote. Hata hilo lilimkera kidogo, kwa sababu alikuwa amejiandaa.

Wivu wake ulipata kazi mwaka wa tisini na mbili. Zilikuwa siku za ruksa, kila kitu kilikuwa kinaingia, na kilichoingia Tukuyu kwa wingi kuliko vyote kilikuwa mitumba. Watu waliozoea kupanga foleni kwa ajili ya kitambaa cha kaki sasa walichagua masweta yenye picha za dubu na theluji, wakabaki kulalamika kwamba dubu amekaa vibaya. Ufundi wa Ambilikile wa kushona magauni ukafa pale pale. Kazi iliyobaki ilikuwa kupunguza suruali za Wazungu, watu ambao inaonekana wana miguu mirefu na hawana makalio.

Ndipo akaja Felista. Alishuka kutoka Dar es Salaam na mabelo yake ya mitumba, akapanga fremu sokoni Tukuyu, akaning'iniza makoti mpaka barazani. Alikuwa na nywele za kalikiti, zilizokunjwa kwa dawa, na kicheko cha kusikika upande wa pili wa soko. Wiki ya pili akamwita Ambilikile na kumwambia, "Fundi, lete cherehani yako hapa barazani kwangu. Mteja akichagua, unampunguzia hapo hapo." Ambilikile akahamisha cherehani. Tupokigwe hakuwa na neno. Sukari ilipatikana, watoto walipata viatu, na yeye, kama alivyosema, hakuwa mwanamke mwenye wivu.

Siku mambo yalipoharibika alikuwa amejificha kwenye migomba.

Hakujificha kwa ubaya. Huku kwetu mke hakutani na baba mkwe wake. Wakionana njiani, mwanamke anaacha njia, anachuchumaa, anageuza uso mpaka mzee apite. Mchungaji amesema mara nyingi kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na wanawake wote huitikia amina, kisha wakitoka nje na kuliona koti la mkwe wanaingia kwenye mahindi. Mzee Meshaki, baba yake Ambilikile, naye aliushika mwiko huo kwa ukali kuliko wengi. Alikuwa fundi seremala wa kiwanda cha chai kabla hajastaafu, mtu wa vipimo, na kila alipokuja kwa mwanawe alianza kukohoa tangu kwenye kona ili mke wa mtoto apate nafasi ya kupotea.

Siku hiyo Tupokigwe alikuwa kwenye chai. Mvua ikaanza mapema, lori la kubeba majani halikuja, akaamua kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma na kikapu chake mgongoni. Alipofika kwenye migomba akasikia kikohozi cha mkwe wake, kumbe mzee ameshaingia jikoni na mwanawe wanaota moto. Jiko lenyewe lilikuwa la mianzi, na mianzi haizuii sauti. Angefanya nini? Kupita asingeweza, na kurudi shambani kwenye mvua ile ulikuwa wazimu. Akachuchumaa nyuma ya shina kubwa, akajifunika jani la mgomba, akasubiri.

"Mkeo yuko wapi?" aliuliza mzee.

"Yuko kwenye chai, tata."

"Basi vizuri. Nimeezua ile nyumba ya zamani ya Nkunga, naweka bati. Juu darini nimekuta kasha lako."

Ambilikile akauliza kwa sauti ambayo mkewe hakuitambua, "Bado lipo?"

"Litaachaje kuwepo? Mbao zile zilikuwa za makasha ya chai, za kiwandani, na pembe nilipiga bati mwenyewe. Gwe Ambilikile, unakumbuka ulivyolia? Bwana shamba alipohamishwa, akaondoka na yule binti yake, Felista? Siku tatu hukula. Mama yako akasema huyu tunamzika. Mtoto wa miaka kumi!" Mzee akacheka mpaka akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. "Mimi nilijua huyo ndiye utakayemwoa."

"Tata, tulikuwa watoto."

"Najua. Na huyu uliyemwoa sina neno naye. Ni mtu wa kazi fijo, kazi sana."

Tupokigwe alikaa pale nyuma ya mgomba maji yakimwingia shingoni. Mtu wa kazi! Hata ng'ombe wa kukokota plau ni mtu wa kazi. Angekuwa mwanamke wa kabila lingine angeibuka kutoka kwenye migomba na kusema, shikamoo baba, hebu rudia hapo kwa Felista. Lakini hakuwa wa kabila lingine. Alichuchumaa mpaka mzee alipoaga na kuondoka, na miguu ilikuwa imekufa ganzi hata hakuweza kusimama mara moja.

Jioni ile ile alipita kwa jirani yake Atuganile, akajifanya ameenda kuomba chumvi.

"Hivi huyu Felista wa mitumba ni mtu wa wapi?"

"Kwani hujui?" Atuganile akaweka chini ungo wake, kwa furaha. "Baba yake alikuwa bwana shamba kule Nkunga, zamani. Huyo utoto wake alikulia huku huku. Nilidhani mumeo amekuambia."

Tupokigwe akarudi nyumbani bila chumvi.

Kesho yake Ambilikile alilileta kasha, likakaa juu ya kabati chumbani, limefungwa kwa uzi wa cherehani. Lilikuwa dogo, mtu angeweza kulikumbatia kwa mkono mmoja. Tupokigwe alilitazama akilala na alilitazama akiamka. Alimvumilia mumewe siku nne nzima, muda ambao kwake ulikuwa mrefu, kisha akauliza huku akimenya ndizi, bila kuinua uso:

"Baba Joyce, lile kasha lina nini?"

"Vitu vya utotoni tu, Mama Joyce."

"Vya nani?"

"Vyangu."

Kisu kikamteleza, kikamchana kidole. Angesema vya Felista, pengine angesamehe. Hapana, asingesamehe, lakini angalau wangegombana yakaisha.

Jumapili, Ambilikile alipobaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya, akalishusha. Uzi aliufungua taratibu, akikariri jinsi ulivyofungwa. Harufu ya chai ilikuwa bado imo ndani ya mbao baada ya miaka yote ile. Aliketi kitandani akatoa kitu kimoja kimoja na kukiweka kwenye shuka. Gololi mbili, moja imepasuka. Unyoya wa ndege, wa rangi ya buluu. Kipande cha utepe wa nywele. Karatasi ya daftari iliyochorwa nyumba ina mlango na moshi, na nje ya mlango wamesimama watu wawili wenye vichwa vikubwa, huyu kaandikiwa A, huyu F. Na chini kabisa, ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nyingi, jino.

Jino la mtoto, dogo, limekuwa la njano. Kwenye karatasi yake mkono wa mtoto ulikuwa umeandika kwa penseli: Jino la Felista. Lisitupwe.

Tupokigwe akalitupa kwenye shuka kana kwamba limemng'ata. Kila mtoto duniani jino lake likitoka hulirusha juu ya paa na kuomba jipya. Huyu hakulirusha, alimpa mwanamume! Na mwanamume akalitunza! Aliyaona mengine yote kuwa ni mchezo, gololi ni gololi, lakini jino limetoka kinywani mwa mtu. Alikuwa analala chumba kimoja na kinywa cha Felista.

Akatafuta kama mle ndani mna chochote chake. Alijua hakimo. Ambilikile alimjua akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu, kasha likiwa limeshasahaulika darini, lakini wivu hausomi kalenda, akapekua mpaka pembeni kwa ukucha. Akakumbuka kitambaa cha mkono alichomdarizia siku za uchumba, chenye majina yao mawili kwa uzi mwekundu, kazi ya mwezi mzima. Akaenda kukitafuta. Alikikuta kwenye droo ya cherehani ya zamani, kimelowa oili. Ambilikile alikuwa anafutia mashine.

Hapo akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, kwa kuwa nyumba ilikuwa tupu, kisha akanawa uso, akarudisha kila kitu mahali pake na kufunga uzi kama ulivyokuwa.

Baada ya hapo hakulala usingizi wa kueleweka. Akaanza kupita sokoni bila haja. Angesimama kwa muuza viazi, akabonyezabonyeza viazi asivyonunua, macho yakiwa barazani kwa Felista. Alimwona mumewe ameinamia cherehani na yule mwanamke amesimama nyuma yake na suruali mkononi, akimwonyesha mahali pa kukata. Mikono ya Felista ilikuwa misafi, kucha zimepakwa rangi. Tupokigwe akatazama vidole vyake mwenyewe, vyeusi kwa utomvu wa chai, weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Kila Felista alipocheka, Ambilikile aliinua kichwa. Aliinua kichwa akangoja kidogo, kisha akainama tena. Tupokigwe aliona na kuhesabu, ilikuwa mara saba kabla muuza viazi hajamfukuza.

Akaamua. Kama mwanamke yule ana mali yake katika nyumba yangu, alijisemea, basi nitampelekea mali yake, mbele ya watu, na tuone atacheka kicheko gani. Na huyu Baba Joyce akirudi akute juu ya kabati pameachwa vumbi tu. Achague. Kama ni wa kunifukuza, anifukuze nikiwa nimesema.

Alhamisi Ambilikile akaenda Mbeya kununua nyuzi. Tupokigwe akaliweka kasha ndani ya kikapu chake cha chai, akalifunika kwa khanga, akashika njia ya Tukuyu. Njiani alifanya mazoezi ya maneno. Alikuwa na maneno mazuri, makali, na mengine aliyatunga akipanda kilima cha mwisho. Alipofika barazani pumzi ilikuwa imemwishia.

"Karibu dada'ngu!" Felista alisema. "Kuna masweta yamefunguliwa leo, hayajaguswa na mtu."

"Sikuja kwa masweta." Akatoa kasha na kulipiga juu ya meza, pwa, katikati ya blauzi. Wateja wawili wakageuka. "Mimi ni mke wa Ambilikile. Nimekuletea vitu vyako."

"Ambilikile ndiye nani?"

Tupokigwe alidhani amesikia vibaya. "Ambilikile! Fundi wako! Huyo anayekaa hapo!"

"Aah, fundi! Kumbe wewe ndiye mama? Mume wako mpole huyo, jamani, ningepata watano kama yeye ningetajirika. Ameniletea nini?"

Akafungua uzi. Akatoa gololi, akazitazama. Akatoa unyoya, akaupuliza. Mchoro aliugeuza juu chini akaurudisha. Alipofika kwenye jino akasoma karatasi yake kwa sauti, akaacha mdomo wazi, kisha kile kicheko kikatoka.

"Jino langu? Mimi? Mama yangu wee! Hili si la mbuzi hili?"

"Mlicheza wote Nkunga," alisema Tupokigwe. Alisikia sauti yake inakuwa ndogo. "Baba yako bwana shamba. Mlikuwa mnacheza wote. Ulipoondoka hakula siku tatu."

Felista akakunja uso. Alijaribu kukumbuka, hilo Tupokigwe aliliona waziwazi, na ingekuwa afadhali asingejaribu. "Nkunga nakumbuka tope," akasema. "Tope na baridi, na mama analia anataka kurudi kwao. Kuna mtoto mmoja alitukimbiza na mbwa, Simon, huyo namkumbuka. Lakini Ambilikile..." Akatikisa kichwa. "Dada'ngu, sisi tumehama vituo tisa. Kila kituo kina watoto." Kisha akagonga kasha kwa ukucha wake mwekundu. "Ila kasha ni zuri. Hii kazi hamna fundi wa kuifanya siku hizi. Niachie basi, niwekee vifungo na pini. Hayo mengine nitamwaga hapo nyuma."

Mkono wake ulikuwa umeshainamisha kasha. Tupokigwe hakujua ameruka meza saa ngapi. Alijikuta amelishika kwa mikono yote miwili na blauzi zimeanguka chini.

"Usimwage!"

"Si umesema vyangu?"

"Si vyako," alisema Tupokigwe, akiokota gololi iliyobingirika chini ya meza, akiokota unyoya, akiokota jino kutoka kwenye mkunjo wa sweta lenye dubu. "Nimekosea. Si vyako."

Alirudi nyumbani kwa haraka, kikapu kimemkaa kifuani badala ya mgongoni. Alipaswa kufurahi. Kitu kilichomnyima usingizi mwezi mzima hakikuwepo, hakikuwahi kuwepo. Felista hakuwa na habari. Lakini kila alipotaka kucheka alimwona Ambilikile ameinamia cherehani na anainua kichwa, anangoja kidogo, anainama tena. Miezi minane alikuwa amekaa kwenye baraza ile akisubiri mtu amkumbuke. Naye alikuwa fundi tu, hata jina hana. Tupokigwe alikasirika sana. Alimkasirikia Felista, kwanza kwa kukumbukwa, sasa kwa kutokumbuka, na kosa la pili aliliona kubwa kuliko la kwanza.

Alikusudia kulirudisha kasha juu ya kabati kabla mumewe hajafika. Lakini basi la Mbeya siku hiyo liliwahi. Alimkuta Ambilikile amesimama chumbani, jua la jioni limeingia dirishani, mfuko wa nyuzi bado umo mkononi, anatazama mahali palipo patupu.

Tupokigwe akakiweka kikapu chini na kulitoa kasha.

"Nililipeleka kwa Felista," alisema. Uongo wa haraka haukumjia, na pengine hakuutaka. "Niliona ni vyake, nikampelekea."

Alingoja kofi, ingawa Ambilikile hakuwahi kumpiga. Alingoja walau kelele. Ambilikile akaketi kitandani polepole. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Umemwonyesha?"

"Nimemwonyesha."

"Vyote?"

"Vyote."

Akamtazama. Katika miaka kumi na mbili mume wake hakuwahi kumtazama vile, kana kwamba uhai wake uko katika neno litakalotoka kinywani mwa mkewe. Tupokigwe alikuwa ameomba kutazamwa hivyo tangu siku ya harusi.

"Akasema nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Hakukumbuki. Hajui hata jina lako. Alisema jino ni la mbuzi. Maneno matatu tu, na Felista angekufa ndani ya nyumba ile asifufuke, na mwanamume huyu angebaki wake peke yake, mzima mzima, na kitambaa chake cha uzi mwekundu kingepata mahali. Alikuwa na haki nayo. Alikuwa amelowa mvua kwa ajili yake. Akafungua kinywa ayaseme, akauona uso ule unavyongoja.

"Anakumbuka," alisema Tupokigwe.

Ambilikile akafumba macho.

"Anakumbuka vyote. Alipoona ile nyumba mliyochora akakaa chini. Ila ameniomba sana usimtajie neno. Wewe ni mume wa mtu, anaogopa watu watasema vibaya. Ndiyo maana anakuita fundi."

"Nilijua," alisema Ambilikile taratibu. "Nilijua anajizuia." Akacheka kidogo, kicheko cha kitoto, cha mtu wa miaka kumi. Akamshika mkewe mkono wenye vidole vyeusi, akaubana. "Ndaga, Mama Joyce. Ndaga fijo, asante sana. Mwanamke mwingine asingefanya ulivyofanya wewe."

Tupokigwe akaketi kando yake. Sasa itabidi kesho alfajiri awahi sokoni kabla yake, akampigie magoti yule mwanamke mwenye kucha nyekundu, amwombe anyamaze, na amshukuru. Na kila siku ya Mungu atamwona mumewe anatoka asubuhi kwenda barazani kwa Felista, anapiga mluzi, kwa kibali cha mkewe. Wivu ulimpanda mpaka kooni, mkali kuliko siku zote, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.

"Hebu niambie tena," alisema Ambilikile. "Alipoona mchoro alifanyaje?"

Akamwambia tena tangu mwanzo, na mara hii akamwongezea Felista machozi.